Vyaelea Vimeundwa

Maji ya bamvua yanapojaa Kilwa Kivinje, chombo kilichochoka huvutwa hadi juu ya ufuko, kikaachwa hapo maji yanapotoka. Ndipo fundi anapoanza kukisoma. Hugonga ubao kwa nyundo, akasikiliza. Ubao mzima hulia, uliooza huguna. Ulioguna hutolewa, na mpya huchongwa kwa tezo mpaka ukae mahali pake. Mwaka huu ni mbao mbili za ubavuni, mwaka ujao taruma moja, mwaka wa tatu mlingoti. Kisha huja kazi ya kalafati: pamba iliyolowa mafuta husokomezwa katika nyufa, na tumbo la chombo hupakwa deheni. Baada ya miaka ishirini yawezekana usisalie hata ubao mmoja katika zile mbao za kwanza. Hata hivyo hakuna baharia atakayesema kwamba chombo hicho ni kingine. Jina lake ni lile lile, na wanaokingojea bandarini hukitambua kwa mbali kwa tanga lake.

Wahenga wa mwambao walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hutolewa kumkumbusha mwenye kustarehe kwamba starehe yake imetanguliwa na jasho la mtu. Lakini ikisikilizwa vyema hubeba jambo jingine. Haikusema vimebaki, wala vimehifadhiwa, imesema vimeundwa. Chombo hakielei kwa sababu ni cha kale, bali kwa sababu yuko ajuaye kukiunda. Siku ajuaye anapoondoka bila ya kumwachia mwingine tezo yake, chombo huwa kimeanza kuzama hata kama kingali juu ya maji.

Mbali sana na Kivinje, katika nchi ya Japani, watu wamelishika wazo hilo hilo kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu. Katika mji wa Ise, mkoa wa Mie, lipo hekalu kuu la dini ya Shinto. Ni jengo la mbao tupu. Paa lake ni la nyasi, na nguzo zake zimechimbiwa ardhini bila ya msingi wa mawe, mfano wa nguzo za banda la shamba. Kila baada ya miaka 20 hujengwa jengo jipya, sawasawa na la zamani, katika kiwanja kilicho kando yake. Nalo likishakamilika, la zamani hubomolewa. Ujenzi wa kwanza wa namna hii ulifanyika mwaka 690, enzi ya Malkia Jito. Wa 62 ulifanyika mwaka 2013, na unaofuata umepangwa kufanyika mwaka 2033. Wala si jengo peke yake: nguo, panga na vyombo vya ndani, aina 714 kwa jumla, navyo hutengenezwa upya. Mbao za zamani hazitupwi. Hugawiwa mahekalu mengine, na nguzo kubwa huchongwa zikawa malango ya daraja waingilialo wageni.

Mgeni akiuliza hekalu hilo lina umri gani, majibu ni mawili na yote ni ya kweli: lina miaka elfu moja na mia tatu, na halijatimiza ishirini. Kilicho kikongwe pale ni ujuzi. Hesabu ya miaka ishirini ni hesabu ya umri wa fundi. Anayeingia kazini akiwa kijana wa miaka ishirini huwa mshika kazi akiwa na arubaini, na akifika sitini husimama kando akiwaelekeza wenzake. Hivyo mtu mmoja huliona hekalu likijengwa mara mbili au tatu, na katika kila mara mikono ya wazee na ya vijana hukutana juu ya ubao mmoja.

Washairi hawakuliacha jambo hili lipite. Matsuo Bashō, aliyezaliwa Iga mwaka 1644, katika sehemu ambayo leo imo ndani ya mkoa huo huo wa Mie, alifunga safari ndefu ya miguu mwaka 1689 kuelekea kaskazini mwa nchi. Katika kitabu cha safari hiyo, kiitwacho Oku no Hosomichi, anasimulia alivyofika Hiraizumi, palipokuwa na ngome na majumba ya ukoo wa Fujiwara, na alipofia shujaa Yoshitsune mwaka 1189. Miaka mia tano kamili ilikuwa imepita. Majumba yamekuwa mashamba, na penye ngome pameota nyasi. Bashō aliweka kofia yake chini, akakaa juu yake, akalia kwa muda mrefu. Mahali hapo ndipo penye shairi lake la majira ya kiangazi ambalo kila mtoto wa shule wa Japani hulijua.

Lakini kitabu hakikuishia Hiraizumi. Kinaishia pale mshairi, akiwa angali na uchovu wa njia, anapopanda chombo kwenda Ise, kwa kuwa mwaka ule ulikuwa mwaka wa kujengwa upya kwa hekalu. Safari moja, basi, ina vituo viwili: kituo cha kulilia kilichoanguka, na kituo cha kushuhudia kinachosimamishwa. Msomaji anayekumbuka machozi ya Hiraizumi akausahau ule mtumbwi wa mwisho, amekisoma nusu ya kitabu.

Katika miaka iliyofuata safari ile Bashō aliwafundisha wanafunzi wake wazo waliloliita fueki ryūkō. Fueki ni lisilobadilika. Ryūkō ni lipitalo kama mkondo wa maji. Ushairi, alisema, husimama juu ya yote mawili, na yote mawili yana shina moja. Mfasiri wa Kiswahili hapati taabu kubwa hapo: la kudumu na la kupita. Taabu yaja kwa maneno mengine ya watu hao. Wabi ni uzuri wa uchache, wa chumba kitupu na kikombe cha udongo kisicho na nakshi. Na kwa bahati njema mwambao una neno lililokaribia, nalo ni kinaa, ule moyo unaotosheka na kidogo. Sabi ni uzuri wa kitu kilichokwishapigwa na miaka na upweke, na hutamkwa sawa na neno lao lenye maana ya kutu. Kisha kuna mono no aware, wazo lililofafanuliwa na Motoori Norinaga, mganga na mwanachuoni wa Matsusaka, jirani na Ise, aliyeishi kati ya mwaka 1730 na 1801. Kwa Norinaga, aware kwa asili ni sauti tu, sauti imtokayo mtu bila ya kukusudia moyo wake unapoguswa. Mfasiri anayetafuta nomino nzito, huzuni au majonzi, atapotea. Pengine sahihi zaidi ni kusema: kile kilichomo katika vitu ambacho humtoa mtu “lo!”

Na yeyote aliyevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani anaijua sauti hiyo. Hutoka pale Gereza linapojitokeza ukingoni mwa maji. Hutoka tena ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba na matao, penye safu za nguzo zinazogawa kivuli na mwanga. Na mara ya tatu juu ya jabali la Husuni Kubwa, penye birika la pembe nane lililobaki tupu likitazama bahari. Mwambao una desturi yake ya kuyaimba mambo haya. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akatunga Al-Inkishafi, na tangu hapo gofu katika ushairi wa Kiswahili limekuwa mwalimu: humwambia mtazamaji kwamba waliokuwa na taa na mito ya hariri wamekwenda, naye atakwenda, basi ajiandae. Hapa ndipo mwambao na Japani vinapoachana kidogo. Bashō hakuwaidhiwa na nyasi za Hiraizumi, aliguswa. Kwa mmoja gofu ni mazingatio, kwa mwingine ni mguso. Hata hivyo wote wawili humwacha mtazamaji amesimama, mikono nyuma, akitazama.

Swali ni kama mikono hiyo itarudi mbele. Kwani Kilwa imependwa kwa muda mrefu kwa mapenzi ya Hiraizumi tu. Imeliliwa, imepigwa picha, imechimbwa na kuandikwa. Neville Chittick aliichimba kwa miaka kadhaa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, akatoa kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Mapenzi ya Ise yamekuwa haba.

Msomaji na akumbuke jambo moja ambalo husahaulika. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliuhesabu mji huo miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote aliyoiona. Lakini alisema pia kwamba wote ulikuwa wa miti, na kwamba nyumba zake ziliezekwa nyasi, na kwamba mvua ilikuwa nyingi. Msikiti wa mawe ulikuwapo, na jumba la sultani lilikuwapo. Ila nyumba za watu wengi zilikuwa za miti na udongo, kama zilivyo nyumba nyingi za Kisiwani hata leo. Mji uliosifiwa, basi, ni mji uliojengwa upya kila mara, kwa miti ya mikoko na kwa mikono ya wenyewe. Kilichosalia kwa macho ya mgeni ni mawe, kwa kuwa mawe huchelewa kufa. Mgeni huyatazama mawe akasema, mji umekufa. Nyuma yake, mita mia tu kutoka hapo, mtu yuko juu ya dari anafunga makuti kwa kamba, kwa fundo alilofundishwa na babu yake.

Hata hayo mawe ni kazi ya ujuzi kabla hayajawa kazi ya miaka. Matumbawe laini yalikatwa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa mihirabu na vizingiti kabla hayajakauka na kuwa magumu. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu. Chokaa ilitoka katika tanuri: magogo yalipangwa kwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, moto ukawashwa, kisha majivu meupe yakaachwa yapoe na kulainika kabla ya kutumiwa. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, chini ya mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya kale vya mwambao ni virefu na vyembamba. Aliyejenga alijua mti, alijua moto, alijua kupwa na kujaa kwa maji. Ujuzi huo ndio mji. Ukuta ni kivuli chake.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini: bahari ilikuwa ikimega ukingo, mizizi ikipasua kuta, na mvua ikilainisha kilichosalia. Mwaka 2014 yaliondolewa katika orodha hiyo ya hatari. Kati ya miaka hiyo kulikuwa na fedha na wataalamu, pamoja na msaada uliopitia UNESCO kutoka serikali kadhaa, Japani ikiwa mojawapo. Lakini fedha hazizibi ufa. Ufa huzibwa na chokaa, na chokaa huchomwa na mtu. Sehemu kubwa ya uokozi ule ilikuwa ni kuwarudisha kazini mafundi wa papo hapo, kuchoma chokaa kwa njia ya kale, kung’oa mizizi bila ya kung’oa ukuta, kujenga vizuizi vya mawimbi na kupanda mikoko. Saruji ya dukani ingefanya kazi hiyo kwa haraka, kisha ingeua ukuta kwa kukataa kupumua nao. Kwa hiyo kilichoyaokoa mawe ni kwamba walikuwapo bado waliojua kuchoma matumbawe, au waliokuwa tayari kujifunza. Kama wasingekuwapo, orodha zote za dunia zisingefaa kitu.

Wazo hilo, kwamba uhalisi wa kitu cha kale waweza kukaa katika ujuzi na si katika mata yake peke yake, halikuwa jepesi kukubalika duniani. Kwa miaka mingi wataalamu wa Ulaya, ambao majengo yao makuu ni ya mawe, walishikilia kwamba jiwe la asili ndilo ukweli. Mwezi wa Novemba 1994 walikutana na wenzao katika mji wa Nara, Japani, wakatoa tamko linalokubali kwamba kila utamaduni una kipimo chake cha uhalisi: umbo na mata, naam, lakini pia matumizi, ufundi, mapokeo na roho ya mahali. Hekalu la Ise lenyewe halimo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Halikuhitaji kumo.

Wajapani walikwenda hatua moja zaidi. Sheria yao ya mwaka 1950 ya kulinda mali za utamaduni haikuishia kwenye majengo na sanamu. Iliutambua pia ujuzi usioshikika. Tangu mwaka 1955 serikali yao huwateua wafinyanzi, wafumaji, wafua panga na waigizaji wa ngonjera za kale, watu ambao raia huwaita Hazina Hai za Taifa, na kuwapa ruzuku ya kila mwaka ili wafundishe. Fikiria, msomaji, jina kama hilo likipewa mchoma chokaa wa Kilwa Kisiwani, au mpiga kalafati wa Kivinje, au bibi wa Lindi asukaye mkeka wa ukindu bila ya kutazama mikono yake. Gofu lina kibao chenye jina na tarehe. Aliyeliziba hana kibao.

Yapo mambo ambayo mtunzi wa hadithi asingethubutu kuyabuni. Katika mji huo huo wa Ise, upande wa Futami, karibu na miamba miwili ya baharini iliyounganishwa kwa kamba nene ambayo hubadilishwa mara tatu kila mwaka, kuna makumbusho ya vinyago vya Wamakonde, yaliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpingo uliochongwa na watu ambao nyanda zao ziko pande zote mbili za Ruvuma, kusini tu ya Lindi, umekaa jirani na hekalu la mbao nyeupe. Na wengi wanaovitazama vinyago hivyo hudhani ni vya kale sana. Sivyo. Sanaa ile ya mashetani yenye viungo vilivyopinda yasimuliwa kuwa ilianza Dar es Salaam karibu na mwisho wa miaka ya 1950, pale Samaki Likankoa alipovunjikiwa na kinyago cha mtu mkononi, naye badala ya kukitupa akakigeuza kuwa shetani. Nguzo za ujamaa, watu waliopandana kwa makumi katika gogo moja, nazo ni za zama hizo hizo. Ujuzi wa kusoma mshipa wa mpingo ni wa mababu; umbo ni la jana. La kudumu na la kupita, katika gogo moja.

Lakini fundi hachongi hewa. Mwaka 1923 watunza hekalu la Ise walianza mpango wa kupanda hinoki katika msitu wao wenyewe, kwa hesabu ya miaka mia mbili, ili siku moja nguzo zisitafutwe mbali. Waliopanda walijua kwamba hawatauona mti hata mmoja ukisimamishwa. Tayari sehemu ya mbao za mwaka 2013 ilitoka katika msitu huo. Mpingo nao hutaka subira ya namna hiyo: miaka sabini, mia, au zaidi, mpaka moyo mweusi unenepe. Na wilayani Kilwa liko jambo la kujivunia ambalo halisemwi vya kutosha. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilikuwa vya kwanza barani Afrika kupata hati ya kimataifa ya FSC kwa msitu wa asili unaotunzwa na wanakijiji wenyewe. Walihesabu mipingo yao, wakakubaliana ipi ikatwe na ipi iachiwe wajukuu. Hekalu halina mbao bila ya kikao kama hicho.

Isidhaniwe kwamba wazo zuri humtakasa mwenye nalo. Katika miaka ya 1980 Japani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa pembe za ndovu duniani. Zilichongwa mihuri ya kutilia saini na vipigio vya shamisen, kinanda chao cha nyuzi tatu. Katika hifadhi ya Selous, nyuma ya Kilwa na Liwale, ndovu waliokuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970 walibaki takriban 30,000 miaka ya 1980 ilipokuwa ikimalizika. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza marufuku ya biashara hiyo, iliyopitishwa mwaka 1989. Watu waliopanda mti kwa miaka mia mbili mbele hawakuona, au hawakutaka kuona, msitu wa mwenzao ukikauka. Kuwajua watu ni kuyajua yote mawili.

Wala haisemwi kwamba Msikiti Mkuu wa Kilwa ubomolewe na kujengwa upya. Kila mahali pana adabu yake. Jiwe lililosujudiwa mbele yake na vizazi vina heshima ambayo ubao mpya hauwezi kuirithi. Na hata Ise iliwahi kukatika. Zama za vita vya wenyewe kwa wenyewe, katika karne za 15 na 16, ujenzi wa hekalu la ndani ulisimama kwa zaidi ya miaka 120. Waliourudisha hawakuwa wafalme. Walikuwa watawa wa kike, tena wa dini ya Buddha, waliozunguka nchi wakichangisha kidogo kidogo. Mnyororo uliunganishwa tena kwa sababu walikuwapo watu wachache wasiokubali kwamba umekatika.

Mpenzi wa mashairi ana sababu yake ya pekee ya kulifahamu jambo hili, kwani amelishika mikononi siku zote. Kijapani na Kiswahili ni lugha zinazopenda kumaliza silabi kwa irabu, na ushairi wa lugha zote mbili husimama kwa hesabu. Tanka ina mizani 31, haiku 17. Utenzi una mizani minane kwa kipande, shairi kumi na sita kwa mshororo. Hata ugumu wake unafanana: kama vile “m” ya “mtu” ihesabiwavyo kuwa mizani kamili, ndivyo ilivyo “n” ya Kijapani isimamapo peke yake. Na haiku ilizaliwa ikiwa beti ya kufungulia, iliyomngoja mshairi mwingine aijibu, jambo ambalo mzoefu wa malumbano ya washairi wa mwambao halihitaji kufafanuliwa.

Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alipotaka kuandika habari za Vita vya Maji Maji, vita vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Wamatumbi nyuma ya Kilwa, hakubuni chombo kipya. Alichukua utenzi, uliokwisha kubeba maghazi na mawaidha kwa karne nyingi, akabadilisha mbao zilizohitaji kubadilishwa, akatia shehena ya Kilwa na Lindi ya siku zake. Utenzi huo ulichapishwa pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley mwaka 1957. Umbo lilikuwa la mababu. Maneno yalikuwa ya vita vya jana. Kila mtu atungaye kwa vina na mizani hufanya alichofanya yeye: hubomoa na kujenga katika kiwanja cha kando, kwa vipimo vile vile. Na jambo hilo lina sharti lile lile. Diwani lililofungiwa kabatini ni gofu. Linalindwa siku kijana asiyejua mizani ni nini anapoketi na anayejua, akahesabu kwa vidole, akakosea, akasahihishwa.

Kule Kivinje maji ya bamvua hurudi baada ya wiki mbili. Kabla hayajarudi, deheni huwa imekauka na vigae vya mbao mbovu vimeokotwa vya kupikia. Kijana aliyeshinda akisokota pamba huambiwa apite upande wa pili achungulie nyufa kama mwanga unapenya. Hulala kifudifudi chini ya mkuku, mchanga mashavuni, akatazama kwa jicho moja. Mzee aliyeko upande wa jua haangalii chombo, anamwangalia kijana. Kisha watu huitana, mabega huwekwa ubavuni, mwimbishaji huanza, na wote hungoja ukelele wa mwisho ili wasukume pamoja.